Kazi Inapochukuliwa na Biashara ya Nje: Mwongozo wa Kutafuta Msaada wa Kipato Nchini Marekani

Mfanyakazi wa kiwanda nchini Marekani ambaye kazi yake imehamishiwa nchi nyingine, au imekufa kwa kushindana na bidhaa za bei ndogo kutoka nje, huulizwa maswali mengi katika ofisi za ajira. Linaloamua karibu yote mengine ni swali fupi: siku yako ya mwisho kazini ilikuwa lini? Kwa miaka mingi jibu la swali hilo liliweza kumfungulia mtu malipo ya kila wiki kwa muda wa hadi miaka miwili na nusu. Tangu tarehe 1 Julai 2022 jibu hilohilo humpeleka kwenye njia nyingine, fupi zaidi na yenye vizingiti vingi, ingawa bado ina fedha na mafunzo kwa anayejua kuifuata.

Nimewaandikia wasomaji wa Kiswahili wanaofanya kazi za viwandani Marekani, wengi wao Wakongomani waliofika kama wakimbizi, pamoja na Wakenya, Watanzania na Warundi walioajiriwa nao, na jamaa zao wanaowasaidia kusoma barua. Barua hizo huja kwa Kiingereza kigumu, na siku za kujibu zilizotajwa humo mara nyingi huwa zimeshaanza kuhesabiwa kabla mtoto hajarudi kutoka shule kumtafsiria mzazi wake.

Msaada wenyewe ulikuwa nini

Mpango wa kuwasaidia wafanyakazi walioumizwa na biashara ya nje, unaojulikana kwa herufi TAA, ulianzishwa na sheria ya biashara ya mwaka 1962, wakati wa Rais John F. Kennedy. Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka: nchi nzima ikifaidika kwa kupunguza ushuru wa forodha, si haki gharama yote ibebwe na mji mmoja wenye kiwanda kimoja. Masharti ya mwanzo, hata hivyo, yalikuwa magumu kiasi kwamba hadi mwaka 1969 hakuna kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa. Sheria ya biashara ya mwaka 1974 ndiyo iliyolegeza masharti hayo, na kuanzia hapo mpango ukaanza kuwafikia watu kwa wingi.

Malipo ya kila wiki ndani ya mpango huo huitwa TRA. Mtanzania anazijua herufi hizo kuwa za Mamlaka ya Mapato, lakini hapa TRA ndiyo inayolipa, si inayodai, ijapokuwa malipo yake nayo hutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Ni muhimu kuelewa kwamba TRA haikuwahi kusimama peke yake. Ilianza pale bima ya kawaida ya ukosefu wa ajira ilipokwisha, na kiwango chake kwa wiki kilikuwa kilekile cha bima hiyo. Kwa hiyo mtu ambaye hakuomba bima, au aliyenyimwa na asikate rufaa, alikuwa amejifungia mlango wa pili kabla ya kuufikia.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi aliyekuwa akipata dola 320 kwa wiki kutoka bima ya jimbo lake kwa wiki 26, chini ya mpango kama ulivyorekebishwa mwaka 2015. Baada ya bima kwisha, TRA ya msingi ilimlipa dola 320 kwa wiki nyingine 26, kwa kuwa wiki za bima na za TRA ya msingi kwa pamoja zilikuwa 52. Akiwa darasani katika mafunzo yaliyoidhinishwa, aliweza kuongezewa hadi wiki 65, na akikaribia kumaliza kozi yake, wiki 13 za mwisho. Jumla ni wiki 130, na kwa kiwango hicho ni dola 41,600. Utaona kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilifungwa kwenye masomo. Aliyedhani kwamba mafunzo ni jambo la hiari aliambulia sehemu ya kwanza tu, na hata hiyo ilimtaka awe amejiandikisha kwa mafunzo kabla ya tarehe ya mwisho au awe na ruhusa ya maandishi ya kutokujiandikisha.

Hatua ya kwanza: angalia kama kazi yako ilikuwa chini ya hati

Msaada huu haukutolewa kwa mtu mmojammoja. Kwanza ombi liliwasilishwa kwa Wizara ya Kazi ya Marekani na kundi la wafanyakazi, au chama chao, au mwajiri, au ofisi ya ajira ya jimbo. Wizara ilichunguza kama uagizaji wa bidhaa za nje ulichangia kwa kiasi kikubwa watu kupunguzwa, au kama uzalishaji ulihamishiwa nchi nyingine. Kundi lililokubaliwa lilipewa hati yenye namba inayoanza kwa herufi TA-W. Hati hiyo iliwagusa walioachishwa kuanzia mwaka mmoja kabla ya tarehe ya ombi hadi miaka miwili baada ya hati kutolewa.

Tarehe 1 Julai 2022 muda wa sheria uliisha bila Bunge la Marekani kuuongeza, na tangu siku hiyo Wizara haitoi tena hati mpya. Waliobaki na haki ni wale waliopoteza kazi, au waliokuwa katika hatari ya kuipoteza, kabla ya tarehe hiyo chini ya hati iliyokwisha kutolewa. Ikiwa wewe ni mmoja wao na hukuwahi kuarifiwa, nenda kwenye kituo cha ajira cha karibu, vile vinavyoitwa American Job Center, utaje jina la kampuni, mji wa kiwanda na siku yako ya mwisho kazini, kisha uombe uamuzi wa maandishi kuhusu haki yako. Kwa wengi, wiki za malipo zitakuwa zimekwisha kupita. Hata hivyo, jibu la maandishi hukatiwa rufaa, na jibu la mdomo halikatiwi.

Kama ulikuwa na miaka 50 au zaidi ulipopata kazi nyingine yenye mshahara mdogo, uliza pia habari za nyongeza ya mshahara iliyotolewa chini ya mpango huohuo. Ililipa nusu ya tofauti kati ya mshahara wa zamani na mpya, kwa muda usiozidi miaka miwili na jumla isiyozidi dola 10,000, mradi kazi mpya isikulipe zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka.

Ikiwa umepunguzwa baada ya tarehe 1 Julai 2022, usipoteze wiki ukitafuta TAA kwa sababu tu jirani yako aliipata mwaka 2018. Endelea na hatua ya pili leo.

Hatua ya pili: soma barua ya kufungwa kwa kiwanda kabla ya kusaini chochote

Sheria inayoitwa WARN humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 100 au zaidi atoe taarifa ya maandishi siku 60 kabla ya kufunga kiwanda, ikiwa kufungwa huko kutawaondoa kazini watu 50 au zaidi katika sehemu moja. Majimbo ya New York na New Jersey hudai siku 90. Mwajiri asiyetoa taarifa kwa wakati anaweza kudaiwa mshahara na mafao ya siku zilizokosekana, hadi siku 60, lakini dai hilo hupelekwa mahakamani. Wizara ya Kazi haina uwezo wa kumlazimisha mwajiri, na ndiyo maana inafaa wafanyakazi wamtafute wakili kwa pamoja badala ya kila mtu kulalamika peke yake.

Pamoja na barua hiyo mara nyingi huja karatasi nyingine: mkataba unaokupa kiinua mgongo kwa sharti kwamba hutamshtaki mwajiri kwa jambo lolote. Watu wengi huisaini palepale kwa sababu ofisa yupo mbele yao na kalamu imeshawekwa mezani. Kwa mfanyakazi mwenye miaka 40 au zaidi, sheria inatoa muda wa siku 21 wa kutafakari, na siku 45 ikiwa ni kundi zima linaloondolewa, kisha siku 7 nyingine za kubadili mawazo baada ya kusaini, kama mkataba unamtaka aachie dai la kubaguliwa kwa umri. Chukua karatasi hiyo nyumbani. Uliza pia, kabla ya kukubali, kama katika jimbo lako kiinua mgongo huchelewesha bima ya ukosefu wa ajira, kwa kuwa majimbo hutofautiana katika jambo hili.

Baada ya taarifa ya WARN kufika serikalini, jimbo hutuma maofisa wake kuja kiwandani kuzungumza na wafanyakazi. Hudhuria mkutano huo hata kama umechoka na zamu, na uombe mkalimani mapema. Ofisi zinazopokea fedha za serikali kuu zinawajibika kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri, na hazipaswi kukuambia ulete mtoto wako akutafsirie. Taja pia ni Kiswahili cha wapi unachozungumza. Mtu wa Bukavu au Uvira anayechanganya maneno ya Kifaransa anaweza kupewa mkalimani wa Mombasa ambaye hatamwelewa anapotaja *chômage*, yaani ukosefu wa ajira, na kosa dogo la tafsiri katika tarehe au sababu ya kuacha kazi linaweza kumgharimu malipo yote.

Hatua ya tatu: omba bima ya ukosefu wa ajira katika wiki ileile

Hapa ndipo penye fedha za haraka, na hapa ndipo watu wengi wanapopoteza. Bima hii huendeshwa na kila jimbo kwa sheria zake, na hugharimiwa na kodi wanayolipa waajiri. Ni katika Alaska, New Jersey na Pennsylvania tu ambako mfanyakazi pia hukatwa kidogo. Kwa hiyo si sadaka wala si mkopo, na aibu ambayo baadhi yetu tunaiona katika kuiomba haina msingi.

Fungua ombi katika jimbo ulilofanyia kazi, hata kama nyumba yako ipo ng'ambo ya mpaka katika jimbo jingine. Lifungue katika wiki ileile uliyopoteza kazi, kwa kuwa kwa kawaida malipo huhesabiwa kuanzia wiki ya ombi, na kurudisha tarehe nyuma huhitaji sababu nzito. Usisubiri mshahara wa mwisho. Usisubiri pia mwajiri aliyesema "huenda tutawaita tena mwezi ujao", maana akikuita utaacha kudai, na asipokuita utakuwa umeokoa mwezi mzima.

Kuwa tayari na namba yako ya Social Security, kibali chako cha kazi kama si raia, majina na anwani za waajiri wote wa miezi 18 iliyopita, tarehe za kuanza na kuacha kazi, na stakabadhi za mishahara. Jimbo hutazama mapato yako katika kipindi cha msingi, ambacho kwa kawaida ni robo nne za kwanza kati ya robo tano za mwaka zilizokamilika karibuni. Ndiyo maana mtu aliyefika nchini juzi na kufanya kazi miezi mitatu tu anaweza kukosa, huku mwenzake wa mashine ya pili akipata. Unapoulizwa sababu ya kuacha kazi, jibu ni kwamba kazi imekwisha au umepunguzwa. Usiandike kwamba umeacha kazi, kwa kuwa maneno hayo hueleweka kuwa umeondoka kwa hiari yako, na anayeondoka kwa hiari bila sababu nzuri hunyimwa.

Kiwango hutegemea jimbo, na mara nyingi hukaribia nusu ya mshahara wa zamani hadi kufikia dari fulani. Dari hizo zimetofautiana mno: Mississippi kwa miaka mingi haikulipa zaidi ya dola 235 kwa wiki, wakati Massachusetts imevuka dola 1,000. Muda wa malipo katika majimbo mengi ni hadi wiki 26, lakini North Carolina hulipa wiki 12, na Florida pia hushuka hadi wiki 12 hali ya ajira inapokuwa nzuri. Panga matumizi yako kwa hesabu ya jimbo lako mwenyewe, si ya binamu aliye jimbo jingine. Mwanzoni utaulizwa pia kama unataka kodi ikatwe. Ukikubali, asilimia 10 huzuiwa kwa ajili ya serikali kuu. Nashauri ukubali, kwa sababu deni la kodi la mwaka unaofuata humkuta mtu akiwa hana akiba.

Kufungua ombi ni mwanzo tu. Kila wiki, au kila wiki mbili kulingana na jimbo, unapaswa kuthibitisha kwamba uko tayari kufanya kazi, unaweza kufanya kazi, na unatafuta kazi. Weka daftari lenye tarehe, jina la kampuni na njia uliyotumia kuomba. Ukipata kibarua cha siku mbili, kitaje katika wiki uliyokifanya, si wiki uliyolipwa, na utaje kiasi kabla ya makato. Mapato madogo hupunguza malipo ya wiki hiyo bila kufuta haki yako, lakini mapato yaliyofichwa ni udanganyifu, na adhabu yake ni kurudisha fedha pamoja na nyongeza isiyopungua asilimia 15.

Jambo moja linawagusa wasomaji wangu kuliko watu wengine. Mtu akipoteza kazi huona nafasi ya kwenda nyumbani kumzika mzazi au kuoa, na huendelea kuthibitisha wiki zake kwa simu akiwa Goma au Kigoma. Aliye nje ya nchi kwa kawaida hahesabiwi kuwa yuko tayari kufanya kazi, na majimbo hutambua mtandao unaotumia. Kabla ya kusafiri, toa taarifa, simamisha madai ya wiki hizo, kisha uyafungue tena ukirudi. Wiki usizodai kwa kawaida hubaki katika salio lako hadi mwaka wa ombi lako uishe, lakini udanganyifu nao hubaki katika kumbukumbu. Vivyo hivyo, hakikisha kibali cha kazi hakiishi muda katikati ya malipo. Omba kipya mapema, na uhifadhi risiti.

Hatua ya nne: ingia katika mafunzo kabla ya wiki ya 13

Baada ya TAA kufungwa, mlango wa mafunzo uliobaki ni sheria ya nguvukazi ya mwaka 2014, WIOA, ambayo ina fungu la wafanyakazi walioondolewa kazini bila kosa lao. Nenda kituo cha ajira ukiwa na barua ya kufungwa kwa kiwanda na barua ya bima, na uombe kupimwa kwa fungu hilo. Ukikubaliwa, unaweza kulipiwa kozi iliyomo katika orodha ya jimbo, kama udereva wa malori makubwa, uchomeleaji, uuguzi msaidizi au ufundi wa mitambo ya viyoyozi. Wanaume hutakiwa kuonyesha kwamba walijiandikisha katika daftari la kijeshi liitwalo Selective Service walipokuwa kati ya miaka 18 na 25. Aliyeingia Marekani akiwa na miaka 26 au zaidi hakupaswa kujiandikisha, ila aje na ushahidi wa tarehe ya kuingia.

WIOA haina malipo ya wiki yaliyohakikishwa kama TRA, na hilo ndilo pengo kubwa lililoachwa mwaka 2022. Inaruhusu malipo ya kujikimu kwa aliyemaliza bima au asiyestahili bima, lakini si kila eneo huyatoa, na kwa aliyemaliza bima sharti lake la kawaida ni kwamba awe amejiandikisha katika mafunzo kabla ya mwisho wa wiki ya 13 tangu alipoondolewa kazini. Wengi hufika kituoni wiki ya 20, bima ikikaribia kwisha, na kuambiwa wamechelewa. Fika wiki ya pili au ya tatu, hata kama hujaamua unataka kusoma nini.

Ukiwa darasani, omba jimbo liidhinishe mafunzo yako kwa madhumuni ya bima. Sheria ya serikali kuu inakataza kumnyima bima mtu aliye katika mafunzo yaliyoidhinishwa kwa sababu tu hatafuti kazi wakati huo. Bila idhini hiyo, kusema "nasoma mchana" kunaweza kusimamisha malipo yako.

Bima ya afya

Una siku 60 za kuchagua kuendelea na bima ya kiwanda kwa njia ya COBRA, ikiwa mwajiri alikuwa na wafanyakazi 20 au zaidi na mpango wenyewe bado upo. Gharama yake inaweza kufika asilimia 102 ya bei kamili, nayo ni ghali kwa mtu asiye na mshahara. Siku hizohizo 60 zinakuruhusu kununua bima katika soko la serikali, ambako punguzo hutolewa kulingana na kipato. Linganisha bei zote mbili kabla ya kuamua. Kampuni ikifunga kabisa na mpango wake wa bima ukafa, hakuna COBRA ya kuendelea nayo.

Ukikataliwa

Barua ya kukataliwa huwa na tarehe ya mwisho ya rufaa, na katika baadhi ya majimbo ni siku 10 tu tangu ilipotumwa, si tangu ulipoipokea. Andika sentensi moja inayosema hukubali uamuzi na unaomba kusikilizwa, taja kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na uitume siku hiyohiyo. Maelezo marefu yatasubiri siku ya kusikilizwa, ambayo mara nyingi hufanywa kwa simu. Wakati rufaa inaendelea, usiache kuthibitisha wiki zako, kwa maana ukishinda utalipwa wiki ulizothibitisha tu. Ofisi za msaada wa kisheria husaidia watu wa kipato cha chini bila malipo, na mtu yeyote anayedai ada ili akufungulie ombi la bima anakuuzia kitu cha bure.

Makaratasi ya kuhifadhi

Mwaka 2015 Bunge lilipourudisha mpango wa TAA katika hali pana zaidi, maombi yaliyokuwa yamekataliwa chini ya masharti finyu ya 2014 yalipitiwa upya. Hilo linaweza kutokea tena au lisitokee, lakini anayeweza kunufaika ni yule mwenye ushahidi. Hifadhi barua ya WARN, stakabadhi za mishahara za mwaka wa mwisho, barua zote za bima, na karatasi au ujumbe wowote unaoonyesha kazi ilihamishiwa wapi: tangazo la kampuni kwa wafanyakazi, majina ya bidhaa mlizokuwa mkitengeneza, tarehe ambazo mashine ziling'olewa na kupakiwa. Andika pia majina ya wenzako wawili au watatu wa zamu na namba zao za simu, kwa sababu ombi la wafanyakazi lilihitaji zaidi ya mtu mmoja, na baada ya kiwanda kufungwa ndani ya mwaka mmoja tu mmoja huwa amehamia Iowa, mwingine Texas, na wa tatu amebadilisha namba.